Mayai 24 Katika Sanduku Moja

Kuku anayelalia mayai yake huonekana mvivu. Ameketi gizani, macho yamesinzia, wala hajali nani anapita. Lakini ninyi mliofuga kuku mwajua kwamba katika siku zile 21 anafanya kazi nne. Anatia joto. Anageuza mayai yake mara nyingi, mchana na usiku. Anatunza unyevu chini ya manyoya yake. Tena anapotoka kidogo kila siku ili kula na kunywa, mayai yanapata hewa safi. Basi, mtu akitaka kuangua vifaranga bila kuku, sharti kazi hizo nne azifanye yeye mwenyewe, au aikabidhi mashine.

Sisi tuliikabidhi mashine. Twapenda kuwaeleza, wasomaji wapenzi, yale tuliyoyaona nyumbani kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, mazuri na machungu pamoja.

Kwa nini mashine?

Mwanzoni mwa mwaka 2023 tulikuwa na kuku 7 wa kienyeji na jogoo mmoja. Binti yetu mkubwa alikuwa katika darasa la sita. Tangu mwaka 2019 masomo ya shule za msingi za serikali ni ya bure katika nchi yetu; lakini mtoto akipita darasa la sita, mzazi huanza tena kutafuta ada. Basi tukaketi tukahesabu miezi. Kuku wa kienyeji huhitaji miezi mitano au sita ili afikie uzito wa kuuzwa. Ili tupate kuku wa kupeleka sokoni kabla ya mwezi wa tisa, ilipasa vifaranga waanguliwe katika mwezi wa tatu, wala si baadaye.

Lakini kuku haamriwi. Hulalia apendapo yeye. Tena akianza kulalia huacha kutaga, na akiisha kuangua huwalea watoto wake wiki nyingi kabla ya kutaga tena. Kwa hiyo nyumba inayongoja vifaranga hukosa mayai.

Mama wa nyumba akaenda kwa wenzake wa likelemba. Zamu yake ya kupokea fedha ilikuwa katika mwezi wa sita. Mwenzake mmoja akakubali kubadilishana naye. Kwa fedha hizo tulinunua mashine ndogo ya kuangulia, ile ambayo wengine huiita kuvezi: sanduku la plastiki lenye kifuniko cheupe, kubwa kama sanduku dogo la msafiri, lenye nafasi ya mayai 24. Fedha hizo ndizo zilizokuwa zimewekewa ada. Ndiyo kusema, masomo ya binti yetu yalikuwa yameingia katika sanduku lile.

Baba hakufurahi. "Fedha iliyo mkononi," alisema, "haihitaji kuanguliwa." Kambo, yaani bibi yetu mzaa mama, alicheka akauliza: "Tangu lini sanduku likawa na kifua cha mama?"

Kazi hii si ya jana

Wako wanaodhani kwamba kuangua bila kuku ni jambo la siku hizi tu. Sivyo. Aristotle, mwenye elimu wa Ugiriki katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kwamba huko Misri watu waliangua mayai kwa kuyafukia katika samadi yenye joto. Baadaye Wamisri walijenga tanuri kubwa za matofali, wakaangua ndani yake maelfu ya mayai kwa mara moja. Hawakuwa na kipimajoto. Fundi aliligusisha yai kwenye kope la jicho lake, na kwa ngozi ile nyembamba alijua kama joto limezidi au limepungua. Baba alimfundisha mwanawe, na mwana alimfundisha mjukuu.

Katika Ufaransa, bwana Réaumur alitaka kuigiza kazi ya Wamisri. Alitia mayai katika mapipa yaliyozungukwa na samadi ya moto, akatumia kipimajoto mahali pa kope la jicho, na mwaka 1749 akatoa kitabu juu ya jambo hilo. Mashine yetu ya mezani ni mjukuu wa mapipa yale. Umeme umeshika nafasi ya samadi. Lakini kanuni hazikubadilika.

Kuchagua mayai na kupima joto

Mayai yetu wenyewe yalikuwa 10. Mengine 14 tuliyapata kwa jirani mwenye jogoo mzuri. Hatukununua mayai ya dukani, kwa maana mengi yatoka kwa kuku wasiokaa na jogoo. Hayo ukiyatia joto mwaka mzima hutaona hata kidole cha kifaranga. Tulichagua yale ya ukubwa wa kadiri, yasiyo na ufa, yasiyopita siku 7 tangu kutagwa. Tuliyaweka mahali pa baridi, ncha nyembamba ikitazama chini. Hatukuyaosha, kwa sababu ganda lina matundu madogo maelfu, na juu yake limevikwa utando mwembamba unaozuia uchafu usipenye. Ukiosha, wauondoa utando huo.

Kabla ya kuingiza mayai, tuliiwasha mashine tupu siku nzima. Hapo tuliona jambo la kuwaonya wote. Namba ya mashine ilisema 37.8, lakini vipimajoto viwili vya homa tulivyoweka ndani vyote vilisema 37.1. Tukairekebisha mpaka tukapata 37.5 ya kweli. Mashine yenye feni hutaka joto la 37.5 au kuzidi kidogo. Ile isiyo na feni hutaka joto kubwa zaidi, karibu na 38.5, likipimwa juu ya mayai. Msidharau tofauti hiyo ndogo. Joto likipungua kidogo, vifaranga hukawia na kudhoofika. Likizidi kwa muda, hufa ndani ya ganda.

Unyevu nao ulipimwa: karibu asilimia 50 kwa siku 18 za kwanza, kisha 65 hadi 70 kwa siku 3 za mwisho. Tulitia maji ya uvuguvugu katika mifereji ya chini. Kazi ya kugeuza ilifanywa na mota ya mashine. Asiye na mota aandike alama mbili kwenye kila yai, moja upande huu na moja upande ule, akayageuze mara 3 au 5 kwa siku. Hesabu isiyogawanyika kwa mbili yafaa, ili yai lisilale upande ule ule kila usiku. Mayai yasipogeuzwa, kiumbe kilicho ndani hugandamana na ngozi ya ganda.

Jumamosi jioni, tarehe 25 ya mwezi wa pili, tulifunga kifuniko. Binti yetu alichukua daftari, akachora mistari 21.

Buibui mwekundu

Siku ya 7 tulizima taa, tukamulika kila yai kwa tochi iliyozibwa kwa karatasi ngumu yenye tundu dogo. Watoto walinyamaza. Ndani ya yai jema tuliona mishipa myembamba ya damu, imetawanyika kama miguu ya buibui mwekundu, na katikati doa jeusi lililotikisika. Moyo wa kifaranga huanza kupiga mapema sana, kabla ya siku ya tatu kwisha. Sisi tulikuja kumwona akiwa tayari na jicho.

Mayai 5 yalikuwa meupe, hayana kitu. Siku ya 14 tuliyatoa mengine 2 yaliyokufa. Kitinda mimba wetu alisikitika, akataka yarudishwe "yajaribu tena". Mama akamweleza kwamba yai viza likiachwa katika joto huoza na kupasuka, na harufu yake na uchafu wake huyaharibu mazima. Yakabaki 17.

Siku ya 18 mota ilisimamishwa, maji yakaongezwa, kifuniko kikafungwa. Tangu hapo haifai kufungua. Ukifungua, hewa yenye unyevu hutoroka, na ngozi iliyo chini ya ganda hukauka ikambana kifaranga kama kitambaa kilichofungwa kwa nguvu.

Usiku wa siku ya 19

Alhamisi usiku mvua kubwa ilinyesha, radi zikapiga, na saa mbili umeme ukakatika katika mtaa mzima. Feni ilinyamaza. Nyumba nzima ikasikia ukimya ule.

Baba alisimama akasema mayai yatolewe upesi, yapelekwe jikoni karibu na mbabula. Mama alikataa kufungua kifuniko. Maneno yakawa makali kidogo, kwa maana kila mmoja wao alikuwa akiitazama ada ya mtoto katika giza lile. Kambo ndiye aliyeamua. "Baba," alimwambia mkwewe kwa heshima, "kuku akienda kutafuta chakula, hurudi akakalia mayai yake. Hayafungui aone kama yangali hai. Tulifunike sanduku, tungoje."

Maneno yake yalikuwa na sababu. Kifaranga aliyekaribia kutoka hutoa joto lake mwenyewe. Akifunikwa vizuri huweza kuvumilia saa kadhaa za kupoa. Moto wa makala ungeweza kumpikia ndani ya ganda. Basi tulichemsha maji, tukayatia katika chupa, tukazifunga kwa vitambaa, tukazipanga kandokando ya sanduku, na juu tukaweka blanketi, tukiacha wazi matundu ya hewa. Kila maji yalipopoa tulibadili chupa. Tulilala kwa zamu. Umeme ulirudi saa tisa za usiku. Kipimajoto kilionyesha 31.

Ijumaa hatukusikia kitu. Jumamosi, siku ya 21 yenyewe, tuliweka masikio juu ya kifuniko asubuhi na mchana: kimya. Baba hakusema neno, na huko kunyamaza kwake kulikuwa kuzito kuliko lawama. Jioni, watoto walipokuwa wakila bukari, kitinda mimba alisimama na tonge mkononi: "Sanduku linalia!"

Kifaranga hulia angali ndani. Kwanza hutoboa ngozi ya chumba cha hewa kilicho katika ncha nene ya yai, akavuta pumzi yake ya kwanza. Hapo ndipo sauti hutoka. Kisha kwa jino dogo gumu lililo juu ya mdomo, ambalo baadaye huanguka, hutoboa ganda lenyewe. Ndipo hupumzika saa nyingi. Wa kwanza wetu alitoka Jumapili alfajiri, siku ya 22. Kufikia jioni walikuwa 13.

Yai lililotobolewa

Yalibaki mayai manne. Mawili yalikuwa kimya. Mawili yalikuwa na tundu, na katika kila tundu ncha ya mdomo ilionekana ikipumua. Hapo watoto walitaka tuvunje maganda tuwasaidie. Hata sisi watu wazima mikono ilituwasha. Ni vigumu kumtazama mnyonge akihangaika nawe una vidole vyenye nguvu.

Hatukuvunja. Katika saa zile za mapumziko kifaranga anavuta damu iliyomo katika mishipa ya ganda, na anaingiza tumboni kiini cha yai kilichobaki. Kiini hicho ni akiba yake. Kwa sababu hiyo aliyetoka aweza kukaa siku mbili bila kula. Ukimfungulia kabla ya wakati, anatoka akivuja damu.

Mmoja alitoka usiku, akawa wa 14. Mwingine alikufa. Jumatatu kitinda mimba alilia, akasema, "Tungalimfungulia, angaliishi." Mama hakumkemea. Alilichukua yai lile, akaketi na watoto uani, akalifungua polepole mbele yao. Walikiona kiini, bado kiko nje ya tumbo. "Hakuwa tayari," alisema Mama. "Mlango wake hatukuufunga sisi." Mtoto alitazama muda mrefu, kisha yeye mwenyewe akaenda kukizika.

Asiyefunzwa kuchakura

Vifaranga walipokauka tuliwahamisha katika boksi lenye maranda ya mbao na taa juu yake. Wiki ya kwanza wahitaji joto la 35 hivi, kisha lapunguzwa kidogo kila wiki. Wala si lazima kipimajoto. Wao wenyewe husema. Wakirundikana chini ya taa, wana baridi. Wakikimbilia pembeni na kuachama, wamezidiwa na joto. Wakitawanyika na kula, ni vizuri. Umeme ulipokosekana tulirudia chupa za maji ya moto. Mbabula hatukuiweka ndani ya chumba kilichofungwa, kwa maana hewa ya makala inayowaka huua vifaranga, nayo huua hata watu waliolala. Tuliwapa unga wa mahindi uliochanganywa na ndagala waliosagwa na mashudu ya karanga, na maji safi katika kisahani chenye vijiwe, wasije wakazama. Mganga wa mifugo aliwatilia tone la chanjo machoni, kuwakinga na ule ugonjwa wa Newcastle, ambao wengine huuita kideri, unaoweza kumaliza banda zima kwa siku chache.

Siku ya pili tu tuliwaona wakikwangua maranda kwa miguu. Wahenga walisema: mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Na kweli hapakuwa na mama wa kuwafunza. Walizaliwa na sanduku, lakini walichakura. Kambo alipiga makofi.

Methali ni kweli, ila haisemi yote. Mmoja alikufa katika wiki ya kwanza. Wengine walipokuwa na umri wa wiki sita tuliwaacha uani. Siku ya tatu mwewe alishuka akachukua mmoja. Kesho yake akachukua wa pili. Kuku wakubwa walipiga kelele wakakimbia chini ya mwembe. Vifaranga wa sanduku walibaki katikati ya uwanja, wakichakura. Kuku mwenye watoto akimwona mwewe hutoa sauti ya namna yake, nao hukimbilia chini ya mbawa zake. Hawa wetu hawakuwahi kuwa na sauti ya kuifuata.

Hapo tukaelewa swali la Kambo. Joto la kifua sanduku lilikuwa nalo. Sauti halikuwa nayo. Kwa hiyo uzao wa pili tuliufanya kwa njia nyingine. Katika mwezi wa sita kuku wetu wawili walitaka kulalia. Tuliwapa mayai machache kila mmoja, siku ile ile tuliyowasha mashine. Kwa kuwa ni wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu, tuliongeza maji mara nyingi zaidi. Walipoanguliwa 15 ndani ya mashine, tuliwachukua usiku, wakiwa wachanga bado, tukawasukuma polepole chini ya mbawa za kuku wale, 8 kwa mmoja na 7 kwa mwingine. Kukipambazuka, kuku hakujua nani wa kwake na nani wa sanduku. Aliwaita wote. Na mwewe aliporudi, wote walikimbia.

Hesabu

Hatukutajirika. Katika vifaranga 14 wa kwanza walikua 11: majogoo 6 na majike 5. Majogoo tuliwauza katika soko la Kenya mwishoni mwa mwezi wa nane. Fedha zake zilitosha sehemu ya kwanza ya ada, pamoja na daftari na viatu. Michango ya likelemba Mama aliiendeleza kwa kuuza mayai, maana kuku wetu hawakuacha kutaga. Sehemu zilizobaki zilitoka kwa uzao wa pili, na kwa uzao wa tatu mashine ikawa imelipa bei yake. Binti yetu aliingia darasa la saba siku moja na wenzake. Baba sasa ndiye anayepima joto kila asubuhi, wala hapendi mwingine aguse kipimajoto chake.

Basi, ninyi wazazi mnaofikiri kununua mashine ya namna hii, msihesabu mayai tu. Hesabuni na watu. Nani atakuwapo nyumbani saa za mchana? Nani ataamka umeme ukikatika? Nani atamweleza mtoto juu ya yai lisilofunguka? Mashine hufanya kazi tatu au nne za kuku, na huzifanya vizuri. Zilizosalia ni za jamaa yote. Mkiwa na watu wa kuzifanya, anzeni hata na mayai 10.